Mizani ya Ushindi Mdogo

Mcheza poka wa kwenye intaneti, yule wa meza za chini kabisa ambako dau kubwa la lazima ni senti 2 za Marekani na mtu huketi akiwa na dola 2 tu, aghalabu haulizi kama atatajirika. Huuliza jambo linaloonekana dogo zaidi: baada ya mikono elfu kadhaa, akiwa ameshinda kiasi fulani, je, kiasi hicho ni kizuri? Wenzake waliomtangulia humpa jibu bila ya kusita. Ushindi, humwambia, hupimwa kwa idadi ya madau makubwa kwa kila mikono 100; anayepata 2 au 3 si haba, anayepata 5 ni mchezaji mzuri, na anayepita 10 kwa muda mrefu ama ni hodari kweli kweli ama hajacheza vya kutosha. Jibu hilo si la uongo. Lakini ndani yake mna neno "zuri" lililopita upesi kama mgeni aliyekatiza ukumbini bila ya kutoa salamu, na ndilo linalostahili kuitwa lirudi liketi.

Kwa msomaji aliyezoea arubastini na wahedi wa sitini za barazani, poka inayochezwa zaidi siku hizi, ile ya Texas, haina ugumu kuifahamu. Karata ni zile zile za kopa, uru, shupaza na pau, ila zote 52 hutumika. Kila mchezaji hugawiwa 2 za siri. Kisha nyingine 5 hufunuliwa katikati ya meza, 3 kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho, zikawa za wote. Baina ya ufunuo mmoja na mwingine watu huongeza dau, hulifuata la mwenzao, au hutupa karata zao. Mwenye mpangilio bora wa karata 5 huchukua chungu cha fedha. Na anayewatia wenzake hofu hata wakazitupa zao huchukua chungu hicho hicho ijapokuwa hana kitu mkononi. Kila mkono huanza kwa watu wawili kuweka dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa, na hilo kubwa ndilo lililogeuka kipimo cha kila jambo mezani, mfano wa pishi katika soko la nafaka.

Bao halina shida ya kipimo. Kete zake 64 ziko wazi mbele ya macho ya wote, hakuna iliyofichwa wala iliyochanganywa, na mwanafunzi akimfunga fundi mara tatu jioni moja, wakaao barazani wanajua la kusema. Katika poka mambo si hivyo. Mtu anaweza kuingia chungu kikubwa akiwa na ree mbili, amefikiri sawasawa, amemsoma mwenzake sawasawa, kisha karata ya mwisho ikamnyang'anya. Na aliyemshinda, ambaye kwa haki ya hesabu hakupaswa hata kuwamo, akafurahi kwa kudhani kwamba amefanya jambo la busara. Hayo yanaweza kuendelea wiki nzima, na mwezi mzima pia.

Ukubwa wa mtikisiko huu hukadirika. Katika meza ya watu 6, matokeo ya mchezaji huyumba kwa kiasi cha madau 100 hivi, juu au chini ya wastani wake wa kweli, kwa kila mikono 100. Mikono ikizidi, wastani hutulia. Lakini hutulia polepole mno, kwani ili kuupunguza mtikisiko wake nusu, lazima mikono iwe mara nne. Basi aliyecheza mikono 10,000 na kuona kwamba ameshinda madau 5 kwa kila 100, analoweza kulisema kwa uaminifu, akikubali kukosea mara moja katika 20, ni kwamba kiwango chake cha kweli kiko mahali fulani baina ya hasara ya 15 na faida ya 25. Hilo ni sawa na nahodha kusema kwamba chombo chake kiko baina ya Mombasa na Kilwa. Mikono 100,000 itambana baina ya hasara ya 1 na faida ya 11. Itabidi afike mikono 1,000,000 ndipo aweze kusema kwamba yuko baina ya 3 na 7.

Na mikono 100,000 si mchezo wa jioni moja. Mwenye kufungua meza nne kwa pamoja kwenye kioo cha kompyuta hupata mikono 300 hivi kwa saa, kwa hiyo atakaa saa 330 na ushei. Akiwa kweli ni mshindi wa madau 5, mwisho wa saa hizo atakuwa amepata dola 100, yaani senti 30 kwa saa, na bado hatakuwa na hakika kamili kwamba yeye ni mshindi.

Chukua sasa wachezaji 1,000 ambao wote, kwa kweli, ni wa kushindwa, kila mmoja akipoteza madau 5 kwa kila mikono 100 kwa sababu mchezo haujamwingia. Wape mikono 10,000 kila mmoja. Hesabu inasema kwamba kiasi cha 300 kati yao watamaliza wakiwa na faida, na 160 hivi wataonesha ushindi wa madau 5 au zaidi, ule ule unaoitwa mzuri. Watu 160 hao hawakumdanganya mtu. Kumbukumbu zao ni sahihi, fedha zao ni za kweli, na kila mmoja ana sababu ya kuamini kwamba amejaaliwa kipaji. Miongoni mwa watu wa namna hiyo ndimo anamotoka kijana anayeacha masomo yake, na anayemwandikia baba yake kwamba amekwisha kupata njia. Na ndimo anamotoka pia anayewafundisha wengine kwa malipo. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee nchini Marekani, aliingia katika shindano kuu la poka huko Las Vegas kwa nafasi aliyoipata katika shindano dogo la intaneti la dola 86, akawapita washindani 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Umati uliofungua akaunti katika miaka iliyofuata ulimtazama yeye. Wale 838 hawakutazamwa, ingawa wao ndio wengi.

Kwamba wingi wa majaribio huleta hakika si jambo jipya. Jakob Bernoulli, mwanahesabu wa Basel, alilifanyia kazi suala hilo kwa miaka 20, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Alitaka kujua ni mara ngapi mtu achovye mkono katika chungu chenye vijiwe vyeupe na vyeusi kabla ya kuwa na kile alichokiita hakika ya kimaadili kuhusu uwiano wao. Si hakika ya Mungu, bali ile inayomtosha mwanadamu kutenda na hakimu kuhukumu. Kwa mfano wake mmoja wa vijiwe vyeupe 3 kwa vyeusi 2 alipata jibu la mara 25,550. Ni idadi kubwa kuliko wakaazi wa miji mingi ya zama zake, na kitabu hakikuendelea mbali baada ya hapo. Linalogusa ni kwamba Bernoulli alikusudia kuitumia hesabu hiyo katika mambo ya raia, ya maadili na ya uchumi, ambamo hakuna mtu anayepewa nafasi 25,550 za kuhukumu jambo lile lile. Mwenye duka humjua mteja wake kwa mikopo mitatu. Mke humjua mume kwa ghadhabu moja. Hata wapenzi wa ushairi wanalijua tatizo hili kwa sura yake nyingine: kuna malenga aliyetunga ubeti mmoja usiosahaulika, ukamchukua miaka 40 katika midomo ya watu, na kuna mwenziwe mwenye diwani nzima isiyo na tungo mbovu wala tungo inayokumbukwa, na baraza halijapata kukubaliana ni nani kati yao aliye mshairi mzuri.

Mzozo wa namna hiyo uliwahi kutokea poka ilipopimwa kwa vipimo vya maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliishindanisha programu yao iliyoitwa Claudico na mabingwa wanne, kila mmoja akicheza nayo peke yake. Ilichezwa jumla ya mikono 80,000. Mabingwa walimaliza wakiwa mbele kwa sarafu za mchezo zenye thamani ya dola 732,713, sawa na madau 9 hivi kwa kila mikono 100. Watafiti wakatangaza kwamba tofauti hiyo haikutosha kuiondoa bahati katika hesabu, na kwamba kwa kipimo cha kitaalamu ni sare. Wengi katika wapenzi wa poka hawakuridhika. Waliuliza ni sare gani hiyo ambayo upande mmoja una laki saba. Mwaka 2017 watafiti wa chuo hicho hicho walirudi na programu nyingine, Libratus, wakacheza mikono 120,000 kwa siku 20, na safari hii mashine ilishinda kwa karibu madau 15 kwa kila 100. Hapo hapakubaki wa kubisha. Katika mashindano hayo karata zilizogawiwa bingwa mmoja dhidi ya mashine ziligawiwa vile vile kwa mashine dhidi ya mwenziwe katika chumba cha pili, ili bahati ya huku ifutwe na bahati ya kule.

Mcheza poka wa senti 2 hana chumba cha pili. Hatajua kamwe mwenzake angefanya nini na karata zake. Wala hajui hilo dereva aliyepita njia kwa mwendo wa kasi na kufika nyumbani salama, akalala usingizi wake, ilhali dereva mwingine, kwa kasi ile ile na uzembe ule ule, alimkuta mtoto barabarani. Thomas Nagel na Bernard Williams, mmoja wa Marekani na mwingine wa Uingereza, walilijadili tatizo hili mwaka 1976 na kulipa jina la bahati ya kimaadili. Watu husema kwamba mtu ahukumiwe kwa lile tu lililo katika uwezo wake. Kisha humfunga yule wa pili na kumsalimia yule wa kwanza. Nagel hakupata njia ya kulitatua fumbo, na hakujidai kuipata. Lakini aliye tayari kukiri kwamba madereva wale wawili ni sawa katika kosa, analazimika kukiri pia kwamba katika wale wachezaji 1,000, aliyepata na aliyepoteza wanaweza kuwa sawa katika akili, na kwamba sifa na lawama zilizogawiwa baina yao ziligawiwa na karata.

Walimu wa mchezo wenye hekima wameona hayo, na nasaha yao ni kwamba mchezaji asihukumu matokeo, ahukumu uamuzi. Annie Duke, aliyekuwa bingwa wa poka kabla ya kuwa mwandishi, alikifanya hicho kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 2018. Kila mkono uulizwe: kwa yaliyojulikana wakati ule, je, lilikuwa jambo la kutenda? Likiwa ndilo, hasara haina aibu. Likiwa silo, faida haina fahari. Nasaha hii ni nzuri, na nje ya meza ni nzuri zaidi. Ina unyenyekevu ndani yake. Mtu aliyeizoea hawezi kumcheka jirani yake ambaye jahazi lake limezama, wala kumsujudia ambaye lake limefika.

Ila nasaha hiyo husafisha upande mmoja tu wa neno "zuri". Humwonesha mchezaji kama anacheza vizuri, wala haimwambii ushindi wenyewe ni kitu gani. Hapo inafaa kuyasikiliza maneno yenyewe. Kiswahili kimepokea "nasibu" kutoka Kiarabu, na asili yake ni fungu, sehemu ya mtu katika kitu kilichogawanywa. Kimepokea "kamari" kutoka huko huko. Na jina la mchezo ule uliokatazwa katika Kurani, maysiri, wanazuoni wengi wameliunganisha na neno la wepesi, pato linalokuja bila ya jasho. Waarabu wa kabla ya Uislamu walimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, wakapiga kura kwa mishale. Walioangukiwa na mishale mitupu walilipa thamani ya mnyama, na walioshinda, kama ilivyosimuliwa na wafasiri, aghalabu waliwapa maskini nyama. Aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara haikusema kwamba mchezo huo hauna manufaa hata kidogo. Ilikiri kwamba ndani yake mna manufaa kwa watu, kisha ikapima na kuona dhambi ni kubwa kuliko manufaa. Aya za 90 na 91 za Sura ya Al-Maida ndizo zilizokuja na katazo, na kati ya sababu zilizotajwa ni uadui unaotiwa baina ya watu.

Kwa Mwislamu wa visiwani hukumu imekwisha hapo, na kiwango cha ushindi hakimhusu. Lakini sababu zilizotolewa zina faida hata kwa asiyeifuata hukumu, kwani zinamwelekeza pa kutazama. Wepesi, kwanza, umeondoka. Hakuna mwepesi katika saa 330 kwa dola 100, na kibarua wa shamba la karafuu angeona kichekesho. Anayeshinda kwenye meza za chini anafanya kazi, tena kazi ya kuchosha macho. Kama tatizo la pato hilo lingekuwa ukosefu wa jasho tu, lingekuwa limetatuliwa.

Lililobaki ni lile la baina ya watu. Meza ya poka haizalishi kitu. Hakuna mpunga uliovunwa wala samaki aliyevuliwa. Senti anayoipata mmoja imetoka mfukoni mwa mwingine, na njiani imekatwa ushuru. Mwenye meza, yaani kampuni, huchukua sehemu ya karibu kila chungu, aghalabu kiasi cha asilimia 5. Wakae watu 6 walio sawa kwa akili, kila mmoja na dola zake 2, wacheze bila ya kuongeza fedha: kadiri wanavyozidi kukaa, ndivyo sehemu ya zile 12 inayoishia kwa mwenye meza inavyozidi kukua. Kwa hiyo anayepata faida ya madau 5 hana budi awashinde wenzake kwa zaidi ya 5, ili alipe ushuru na bado abakiwe na kitu, na jumla ya hasara yao ni kubwa kuliko pato lake. Kiwango chake cha ushindi, kikisomwa kutoka upande wa pili wa meza, ni kipimo cha udhaifu wa waliokaa naye. Ndiyo maana 10 inawezekana kwenye meza ya senti 2 na haiwezekani kwa urahisi kwenye meza ya dola 10: huko juu dhaifu wamekwisha.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha maadili yake, alimweka mcheza kamari pamoja na mnyang'anyi katika kundi la wapenda pato la aibu, na sababu aliyoitoa kwa mcheza kamari ni ya pekee: kwamba huyu hupata kutoka kwa marafiki zake, watu aliopaswa kuwapa. Mtu wa leo atajibu kwamba mezani hakuna marafiki, mna majina ya bandia na picha za paka, na kila mmoja ameingia kwa hiari yake. Jibu hilo lina uzito. Yupo mtu ambaye dola 2 kwake ni kiingilio cha sinema, hupoteza kwa furaha na kwenda kulala. Kumhurumia huyo ni kumdharau. Lakini yupo mwingine ambaye si dola 2, ni dola 2 mara ya 15 usiku ule, na anacheza vibaya kwa sababu anataka kurudisha. Katika kumbukumbu za mshindi wawili hao huingia safu moja. Na kwa kuwa anayecheza kwa ghadhabu hupoteza zaidi kuliko anayecheza kwa starehe, sehemu kubwa ya kile kiwango kizuri inatoka kwa yule wa pili. Hiari yake ni hiari ya namna gani, hilo wanafalsafa hawajakubaliana, lakini hakuna aliyewahi kumtazama mtu katika hali hiyo akasema yuko huru kama alivyokuwa magharibi.

Wachezaji makini wanamjua. Programu zinazohifadhi mikono ya kila mtu humwekea mchezaji dhaifu alama ya rangi, na kwa miaka mingi ilikuwa desturi ya waliobobea kumtafuta mwenye alama hiyo katika meza zote zilizo wazi, kukaa kushotoni kwake ili yeye atangulie kutenda, na kuondoka mara tu anapoondoka. Baadaye baadhi ya kampuni ziliondoa uhuru wa kuchagua meza na kiti. Mtu husema anataka kucheza, akawekwa popote. Wachezaji wazuri walilalamika kwamba viwango vyao vimeshuka. Kampuni nazo zilikuwa na hesabu yao: dhaifu akimalizwa usiku mmoja hatarudi kesho, na ushuru wake wa kesho utapotea. Kwa hiyo siku hizi katika meza hizo mtu wa dola 2 hulindwa kwa kiasi fulani, hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kwisha, na anayemlinda ndiye anayemkata ushuru katika kila chungu anachokishinda.